Pesa ya Mizani Chini ya Baraza

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mikorosho, Boga alipangusa vichwa vya betri kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, akajifunga sanduku mgongoni, akavaa masikio ya mashine, yale ya kusikilizia, na kuanza kutembea. Mashine yenyewe ilikuwa ya jeshi. Ilikuwa na mti mrefu wenye chuma bapa mwishoni, kiasi cha sinia ya kulia watu wawili, na wakati wa vita ilitafuta mabomu yaliyofukiwa njiani kule Uhabeshi, Boga huyohuyo akiwa ameishika. Sasa ilitafuta pesa za kale katika shamba la Bwana Shaba, nyuma ya Bofu, upande wa Likoni. Ikipita juu ya udongo mtupu ilivuma kama mbu aliye mbali. Ikipita juu ya madini, sauti ilipanda, na Boga akapiga magoti.

Mara nyingi alifukua vifuniko vya soda, misumari na mikono ya sufuria. Mtu anayedhani kutafuta pesa za kale ni kazi ya kutajirika hajapata kumaliza nusu ya asubuhi akifukua kopo la samli. Lakini Boga alikuwa mvumilivu, tena alikuwa na sababu zake, na mshahara wa mwezi ulikuwa nyongeza tu.

Siku aliyopata pesa ya kwanza ya mizani, mwishoni mwa miaka ya hamsini, haikuwa na tofauti na siku nyingine. Sauti ilipanda chini ya mkorosho wa pembeni, naye akachimba kwa panga butu hadi akaiona: pesa nyekundu ya shaba, upande mmoja maandishi, upande mwingine picha ya mizani. Alipoishika tu, mwanamke wa makamo aliyejifunga kaniki alikuwa ameketi upande wa pili wa shimo, akijipangusa mchanga kwenye visigino.

"Shikamoo, mama," Boga akasema, akavua masikio ya mashine, kwani si adabu kuzungumza na mtu mzima ukiwa umeyaziba yako.

"Marahaba, mwanangu. Mwana wangu Randu yu wapi? Nilipomwacha alikuwa akitambaa."

"Simjui, mama. Nitaulizia."

"Basi ulizia. Na hiyo pesa usiende nayo mbali bila kunambia, ukiivuta kiuno chaniuma." Akatazama kushoto na kulia. "Na huu mkorosho nani kaupanda mlangoni pangu?"

Boga alisema ni mwenye shamba. Mwanamke akasonya, akavunja kijiti na kuanza kufagia mahali ambapo mlango wake ulikuwa. Jina lake lilikuwa Mwanasaumu.

Desturi ya upande ule inajulikana. Kitovu cha mtoto mchanga kikishadondoka, mama yake hukizika karibu na mlango, na pamoja nacho huweka pesa moja ili mtoto asije akakosa pa kurudi. Tangu siku hiyo mtoto ana kwao. Hata aende Unguja, hata aende Ulaya kupikia meli, akiulizwa kwao ni wapi hutaja mahali kilipozikwa kitovu chake, na mazungumzo yakaendelea.

Mazungumzo ya Boga hayakuwa yakiendelea. Alikuwa amelelewa Changamwe na mwanamke asiye na mtoto, Bi Dhahabu, aliyemlisha vizuri na kumwambia mambo machache sana: kwamba mama yake mzazi aliitwa Mwanarehema, kwamba alifariki kabla ya arubaini ya uzazi kwisha, na kwamba kitovu chake kilizikwa na pesa ya mizani katika mji mdogo karibu na Bofu, mji ambao haupo tena. Kila alipoulizwa zaidi, Bi Dhahabu alikumbuka kitu kinachoungua jikoni. Akafa na jiko lake. Boga alienda vitani, akarudi, akaoa, na baada ya muda mke akarudi kwao, kwa kuwa yeye alikuwa na kwao pa kurudi. Tangu hapo Boga aliishi peke yake kwenye chumba cha udongo karibu na kivuko, akapikia sufuria moja, akala humohumo. Sikukuu zilimpata vibaya. Watu wote huenda kwao.

Kwa hiyo alipoona ile kaniki upande wa pili wa shimo alielewa mara moja faida ya kazi aliyoipata. Mahali fulani katika shamba lile kulikuwa na pesa yake. Siku atakayoifukua, Mwanarehema atakuwa ameketi akijipangusa mchanga, na Boga, aliyepita umri wa miaka arubaini bila kumuamkia mama, atamuamkia.

Bwana Shaba hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Vibarua ndio waliompa, kwa sababu ya kabati lake la vioo lililojaa pesa za kale zilizopangwa juu ya kitambaa cha bluu. Alikuwa Mwingereza mkimya, mgane, mwenye jumba la mawe kubwa kumzidi. Alichotaka ni fedha za Wareno na dhahabu za Waarabu. Pesa tatu za kwanza za mizani alizipokea kwa shukrani, akaziweka kabatini, na jioni hiyohiyo wanawake watatu wakaja kukaa kwenye ngazi za baraza lake. Hawakufanya fujo. Aliwaletea chai, wakainusa, wakashukuru, wakairudisha. Asubuhi walikuwapo, na asubuhi ya kesho yake walikuwapo.

"Boga," Bwana Shaba alisema mwishowe, "pesa hizi ziko nyingi duniani, kila mtu anazo. Wapelekee wenyewe. Wananizibia upepo."

Ndivyo Boga alivyoanza kazi ya pili, isiyo na mshahara, ya kutafuta watoto wa watu.

Randu alipatikana kwa kuuliza. Alikuwa hamali wa bandarini, mtu mzima mwenye mvi na mabega mapana, amepanga chumba Changamwe, mitaa miwili tu kutoka kwa marehemu Bi Dhahabu. Boga alivuka na Bi Mwanasaumu kwa feri saa ambayo watu wanawahi kazini na hakuna mwenye nafasi ya kumtazama mwenzake. Kwenye basi yule mama alikaa dirishani na kuuliza kila kiwanda kinatengeneza nini. Walimkuta Randu amerudi zamu, ananawa miguu uani.

"Randu, huyu ni mama yako," Boga akasema.

Randu alimtazama yule mwanamke, mdogo kwake kwa umri, akaitazama ile pesa mkononi mwa Boga. "Karibuni," akasema, akaingia ndani kutafuta kigoda cha pili. Alichelewa kutoka. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu.

"Umekula?" mama yake akamuuliza.

"Bado, mama."

"Nilijua."

Shida ilikuwa ni pa kuizika pesa. Chumba kilikuwa na sakafu ya saruji, uani palikuwa pa mwenye nyumba, na nje ya ua palikuwa na mtaro wa maji machafu. Ikabidi pesa iwekwe kwenye kopo chini ya kitanda, na Bi Mwanasaumu akawa anakaa ukingoni mwa kitanda hicho, usiku na mchana, akimuuliza Randu kama amekula. Mwenye nyumba alipogundua aliongeza kodi, kwani mapatano yalikuwa ya mtu mmoja.

Boga alirudi Likoni peke yake. Kwenye feri alisimama nyuma, mbali na watu, na aliona wivu, tena wivu mkubwa. Hata kile kigoda alikionea wivu.

Akaendelea kupitisha mashine. Mkorosho kwa mkorosho, mstari kwa mstari, kama alivyofundishwa jeshini, bila kuruka pahali, maana pahali unaporuka ndipo bomu lilipo. Wanawake wakaongezeka. Wengine watoto wao walipatikana Kongowea, Ziwa la Ng'ombe na hata Mazeras. Wengine watoto wao walikuwa wamekufa, na wao wakapokea habari hiyo kwa kuinamisha kichwa, wakabaki kwenye mashimo yao, wakifagia. Ilifika wakati mtu akipita njia ya juu aliona mji mzima wa wanawake ndani ya mikorosho, kila mmoja na uwanja wake uliofagiwa vizuri, na hakuna nyumba hata moja. Bwana Shaba alitoa amri moja tu, kwamba wasichume korosho. Hawakuchuma.

Kila aliyetokea, Boga alimuamkia, akaulizwa habari za mtoto, akaahidi kuulizia, kisha akauliza la kwake.

"Mama, ulimjua Mwanarehema?"

"Wewe u mwana wa nani?"

"Wake yeye."

Hapo mwanamke aliinama na kutafuta kijiti cha kufagilia. Wote walifanya hivyo. Mmoja alisema macho yake yana mchanga. Mwingine alisema Mwanarehema alikuwa na kuku wengi kuliko vyombo, na akiwaita jioni sauti yake inasikika hadi Mtongwe, kisha akafunga mdomo kama aliyetoa siri. Boga alikuwa ameyaona haya tangu utotoni kwa Bi Dhahabu. Alijua kuna kitu kinaungua mahali, ila jiko halioni.

Alichukua maneno ya wale kuku akaenda nayo nyumbani. Ndiyo mali ya kwanza aliyopata kuirithi kutoka kwa mama yake. Alilala akiyafikiria.

Mwaka wa mwisho kabla ya uhuru, Bwana Shaba aliamua kuuza na kurudi Uingereza. Mnunuzi alitaka kuthibitishiwa kwamba shamba halina watu, kwa hiyo akaletwa afisa wa ardhi. Alikuja na mwavuli na kiti cha kukunja. Habari zilikuwa zimefika mbali, na siku hiyo watoto waliokuwa hai walikuja pia, wengi wao wazee. Randu alitoka Changamwe na pesa yake amefunga kwenye leso, mama yake nyuma yake akimwambia atembee kivulini. Wote walikuwa na tumaini moja, lililoonekana wazi kwenye nguo zao. Walikuwa wamevaa za Idi.

Afisa alifungua kiti, akaketi, akawatazama wanawake waliosimama kila mmoja kwenye uwanja wake.

"Ninyi mliishi hapa?"

"Twalikaa hapa," Bi Mwanasaumu akasema. "Jiko langu lilikuwa hapo ulipoweka kiti."

Afisa akainuka, akasogeza kiti kwa adabu. "Serikali ilipowaita wenye ardhi waje wajieleze, miaka ile, mbona hamkuja? Tangazo lilibandikwa. Siku ilitajwa."

"Twaijua hiyo siku. Wanaume walikuwa wamefua kanzu zao tayari."

"Basi?"

Bi Mwanasaumu alijifunga kaniki yake upya. "Twalikuwa mazikoni," akasema.

"Wote?"

"Wote. Mtu akifa, mji mzima wazika. Wewe ungemwacha maiti ndani ukaenda kortini?"

Afisa alifikiri kweli, hilo lazima lisemwe kwa kumtendea haki, akakubali kwamba hata yeye asingemwacha. Akaeleza kwamba siku ile ilikuwa moja, haikurudiwa, na ardhi ambayo haikudaiwa siku hiyo iliandikwa kuwa haina mwenyewe. Kisha akauliza, labda kwa kutaka tu kujua, "Maziko ya nani?"

Boga alikuwa amesimama pembeni na mashine yake mgongoni. Aliona macho ya wanawake wote yakimjia, kisha yakashuka chini, na hata mikono ikaacha kufagia. Randu alimshika mama yake bega.

"Ya Mwanarehema," Bi Mwanasaumu akasema. "Mamake huyu."

Kisha, kwa kuwa jambo lilikuwa limeshatoka, alimgeukia Boga na kumwambia lililobaki. Homa ya uzazi ilimchukua alfajiri. Mji wote ukaacha kila kitu, wanawake wakamwosha, wanaume wakachimba kaburi, na kanzu zile zilizofuliwa kwa ajili ya korti zikavaliwa kwenda makaburini. Walikaa matanga. Matanga hayajaanuliwa, wakaja watu na minyororo ya kupimia, nao wakaanzia kisimani. Wakatawanyika kila mtu na mzigo wake.

"Na wewe ulikuwa umeachwa kwenye mkeka," alisema. "Hakuna aliyekulaumu, wallahi. Mtoto mchanga ana kosa gani? Ila kila aliyekutazama aliona shamba lake likienda, na moyo ukamuuma, akampa mwenzake akubebe. Ukabebwa hivyo, mkono kwa mkono, hadi ukafika kwa Dhahabu, ambaye hakuwa na shamba la kupoteza."

Boga aliuma mdomo. Maisha yake yote alidhani alisahauliwa. Kumbe watu walikuwa wamemkumbuka kila siku, na kumkumbuka huko ndiko kulikowafanya wasimtafute. Hakujua kama hilo ni afadhali au ni baya zaidi. Alihisi baridi, jua likiwa utosini.

Afisa alisubiri wamalize, kwani hakuwa mtu wa kukata maneno ya wazee. Kisha akatoa uamuzi wake. Waliozikwa, alisema, hawawezi kuhesabiwa kuwa wakaazi, ingawa anawaona. Walio hai, kila mmoja ana makao mahali pengine. Bwana Randu, kwa mfano, ana chumba Changamwe na anakilipia kodi. Kwa hiyo shamba halina watu. Akakunja kiti chake, akawapa wote mkono, walio hai na waliokufa, akafungua mwavuli akaenda zake.

Nguo za Idi zilionekana ovyo mchana ule. Wanawake wakamwomba Boga awarudishe chini, kwani walikuwa wameshaona walichotaka kuona, na yeye akapita shimo kwa shimo akizifukia pesa, na kila alipokanyagia udongo hapakuwa tena na mtu. Randu ndiye aliyekataa. Alisema amezoea kuulizwa kama amekula. Akafunga leso yake upya, akashika njia ya kivukoni na mama yake.

Kabla hawajaondoka, Bi Mwanasaumu alimwita Boga kando.

"Mlango wa mamako ulitazama kisima," alisema. "Tulikuficha hilo kwa aibu. Tusamehe, baba."

Kisima kilikuwapo bado. Kilikuwa nyuma ya jumba la Bwana Shaba, hatua chache tu kutoka kwenye baraza la nyuma, lile la saruji nyekundu. Hapo tu ndipo Boga hakupata kupitisha mashine kwa miaka yote ile, kwa sababu hapakuwa na udongo.

Alivua viatu, akapanda barazani. Mashine ilivuma. Akaenda mstari kwa mstari, polepole, hadi karibu na nguzo ya pili, na hapo sauti ikapanda. Ndani ya ile sauti kulikuwa na nyingine. Mwanamke alikuwa akiita kuku. "Kururu, kuru kuru kuru," alikuwa akisema, kwa sauti ya juu, ya kupasua, isiyo nzuri hata kidogo, na Boga akaketi pale chini na mashine mapajani na kulia kama mtoto.

Mchana uleule alikwenda kumwomba Bwana Shaba ruhusa ya kuvunja sakafu, mahali padogo tu, kiasi cha sinia. Bwana Shaba alimsikiliza vizuri. Alivaa masikio ya mashine akasikia mwenyewe, akakubali kwamba ni mwanamke na kwamba anaita kuku. Lakini nguzo ile ilibeba paa, saruji ikipasuka hapo itapasuka hadi ukutani, na mnunuzi alikuwa ameshaikagua nyumba na kuipenda sakafu.

"Pole, Boga," alisema, na alikuwa na huzuni kweli. Akampa mashine iwe yake, kwa kuwa yeye hakuihitaji tena. Kabati la vioo lilifungwa kwa nyasi kavu ndani ya sanduku, likapanda meli.

Uhuru ulikuja. Feri ilipeperusha bendera mpya, watu waliimba tangu Likoni hadi Changamwe, na Boga aliimba pia, kwa kuwa alikuwa amepigana vita vya watu wengine na alitaka kuonja ushindi wa kwake. Mwenye shamba mpya alikuwa Bwana Erastus, aliyekuwa karani na sasa alikuwa mtu mkubwa serikalini. Alikuja na mkewe Margret, na redio, na viti vya kamba za plastiki. Boga alivaa shati jeupe akaenda kumwona wiki ileile. Alimweleza habari yote, tangu maziko hadi kuku. Bwana Erastus alivaa masikio ya mashine, akafumba macho, akatikisa kichwa.

"Huyu ni mama kabisa," alisema. "Mama yangu naye huita hivyohivyo." Akayavua, akayapangusa kwa leso, akamrudishia. "Mzee Boga, nchi hii sasa ni yetu sote. Ardhi hii tumeipigania sote. Lakini sakafu nimeipaka rangi juzi."

Ila hakuwa mtu mbaya, na nyumba ilihitaji mlinzi. Akampa Boga koti la kaki, kurunzi na chumba karibu na kisima. Kwa hiyo ikiwa mtu anataka kusema kwamba Boga alirudi kwao, anaweza kusema hivyo, na ramani haitampinga. Alilala hatua chache kutoka kwenye kitovu chake, akilipwa mwisho wa mwezi ili watu wasikisogelee.

Alipoulizwa kivukoni siku hizi kwao ni wapi, alijibu bila kusita. "Nyuma ya Bofu, kwa Bwana Erastus." Watu walidhani anataja kazi.

Kila siku ikikaribia magharibi, baada ya kufunga lango, Boga alivua viatu, akaketi karibu na nguzo ya pili, akaweka kile chuma bapa juu ya saruji, akavaa masikio. Betri zilikuwa zimekufa mwezi wa uhuru naye hakununua nyingine, kwa sababu sauti haikukoma. Mwanarehema aliita kuku wake. Na kuku wakaja, wa Margret kwanza, kisha wa majirani, kisha wengine wasiojulikana ni wa nani, wakipita chini ya waya, wakapanda ngazi na kusimama juu ya ile sakafu nyekundu, wakiinamisha vichwa kusikiliza. Margret alilalamika mwanzoni. Baadaye alisema tu kwamba mwenye kuwaita ndiye wa kusafisha.

Chini, kuku wa chini walikuwa wakiingizwa bandani mmoja mmoja. Boga alimsikia akiwahesabu, akakosea, akarudia. Alisikia mlango wa banda ukifungwa, na kijiti kikipachikwa. Kisha kulikuwa na kimya kifupi, kile cha mtu anayejifuta mikono na kutazama njiani, na ndipo alipomwita wa mwisho, kama mama anavyomwita mtoto aliyepitiliza michezoni na giza laingia.

"Boga! Boga we!"

"Labeka, mama," Boga akajibu, amejiinamia, mdomo ukigusa saruji.

"Boga!"

"Labeka. Niko hapa. Shikamoo, mama."

Akasubiri marahaba. Mashine ile ilitengenezwa kusikia, haikutengenezwa kujibu, na saruji ilikuwa nzuri, iliyochanganywa na watu wanaoijua kazi yao. Mwanarehema aliita tena, akamwambia mtu asiyesikika, huyu mtoto leo ataniona, akaingia ndani.

Boga akavua masikio ya mashine, akaukunja waya vizuri. Kuku walikuwa wameanza kushuka ngazi, kila mmoja akirudi kwao. Akachukua ndoo na fagio, akaanza kusugua mavi yao kabla hayajakauka, maana yakikauka yanaharibu rangi.